Reale ya Bibi, Rupia ya Babu: Tuzipeleke Kupimwa Daraja?

Leo tunazungumzia sarafu za fedha. Sarafu zenyewe hasa, zile nzito, zilizolala miaka mingi ndani ya kopo, ndani ya kasha la nguo au mkobani mwa bibi aliyekwishatangulia mbele ya haki. Kila bei ya fedha inapopanda duniani watu huzikumbuka. Kijana mmoja wa familia anaperuzi simu, anaona kwamba Marekani yako makampuni yanayozichunguza sarafu, yakazipa daraja, yakazifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba, na kwamba sarafu iliyofungwa hivyo huuzwa kwa bei ya juu. Basi jioni hiyo nyumba nzima inajadili: tuzipeleke, au tuziache?

Jibu langu nalitoa mapema. Sehemu kubwa ya sarafu za fedha zilizomo majumbani mwetu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, na bara mpaka Tabora na Ujiji, hazistahili gharama ya kupimwa daraja. Chache zinastahili, tena sana. Hasara huwapata watu kwa njia mbili: wapo wanaolipia upimaji wa sarafu za kawaida, na wapo wanaouza sarafu adimu kwa bei ya chuma chakavu. Hao wa pili ndio wananiuma zaidi.

Tuanze na upimaji wenyewe. Makampuni mawili yanayoaminika zaidi ni PCGS na NGC, yote ya Marekani, yote yalianza kazi katika miaka ya 1980. Wanatumia kipimo kinachoanzia 1 na kuishia 70. Asili yake ni bwana mmoja aitwaye William Sheldon, aliyekitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Hesabu yake ilikuwa kwamba sarafu ya daraja la 70 ingekuwa na thamani mara sabini ya ile ya daraja la 1. Hesabu hiyo ya bei ilikufa zamani, lakini namba zikabaki. Leo, kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikupita mikononi mwa watu sokoni. Chini ya hapo ni sarafu iliyotumika, na kadiri ilivyosuguliwa na vidole ndivyo namba inavyoshuka.

Mpimaji anatazama mambo mawili. La kwanza ni kama sarafu ni ya kweli. La pili ni hali yake: michoro ya nywele, manyoya na herufi imebaki kiasi gani, uso una mikwaruzo gani, mng'ao wa kiwandani upo au umeondoka. Akimaliza, sarafu inafungwa na kupewa namba ambayo mnunuzi wa Tokyo au Frankfurt anaweza kuihakikisha kwenye intaneti bila kukujua wewe wala ukoo wako. Huduma unayolipia ni hiyo. Cheti hakiongezi hata chembe ya fedha ndani ya sarafu yako. Kinampa imani mtu wa mbali ambaye hawezi kuishika. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutuma chochote ni hili: nani atainunua? Kama mnunuzi wako ni sonara wa mtaani, yeye atalivunja kasha na kuiweka sarafu kwenye mizani. Cheti kwake ni plastiki tu.

Sasa tuzitazame sarafu zenyewe, maana hapa ndipo penye uamuzi.

Iliyo nyingi kuliko zote pwani ni ile ambayo wazee waliiita reale ya Sham, yenye sura ya mama mnene aliyejitanda ushungi, na nyuma tai wa vichwa viwili. Huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, na mwaka ulioandikwa ni 1780, mwaka aliofariki. Hapo ndipo familia nyingi hushtuka kwa furaha: sarafu ya miaka zaidi ya mia mbili! Pole pole. Baada ya kifo chake wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu waliikubali sarafu hii wakakataa nyingine, kwa hiyo ikaendelea kufuliwa na mwaka ule ule wa 1780. Imefuliwa Vienna, Milan, Venice na Prague. Mwaka 1935 Waitaliano, wakijiandaa kuivamia Uhabeshi, walichukua mihuri kutoka Austria wakaanza kuifua Rome. Waingereza, Wafaransa na Wabelgiji hawakutaka kuachwa nyuma, wakaifua London, Paris na Brussels. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilifuliwa hata Bombay. Na Vienna wanaifua hadi leo, unaweza kuagiza mpya kabisa.

Reale iliyoandikwa 1780, basi, yaweza kuwa na umri wa babu wa babu yako au umri wa mtoto wako. Wataalamu huzitenganisha kwa vitu vidogo mno: lulu za kishikizo begani mwa malkia, manyoya ya mkia wa tai, umbo la herufi. Zipo chache za viwanda vya mwanzo ambazo wakusanyaji huzitafuta. Zilizo nyingi hununuliwa kwa fedha iliyomo, na hiyo inajulikana kikamilifu: uzito gramu 28.07, fedha safi gramu 23.39, yaani karibu robo tatu ya wakia ya masonara. Chukua bei ya wakia ya siku hiyo, zidisha kwa 0.75, umepata thamani yake ya chini kabisa. Kuilipia upimaji ni kutupa pesa, isipokuwa mjuzi amekwishaitambua kuwa ya kiwanda adimu.

Nyingine inayojaa makopo yetu ni shilingi ya simba, ile ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima na jina la mfalme wa Uingereza upande wa pili. Ilianza mwaka 1921, chini ya Bodi ya Sarafu iliyokuwa na makao London. Watu wengi huiita fedha tupu. Ukweli ni kwamba mpaka 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 haina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Kwa zile za robo, shilingi kumi na sita ndizo zinazotoa wakia moja ya fedha safi. Shilingi iliyopita madukani kwa miaka ishirini, ikanunua chumvi, kanga na tiketi za garimoshi, haiwezi kubeba gharama ya safari ya Marekani. Iweke, mwonyeshe mjukuu, mweleze ilinunua nini.

Rupia ni habari nyingine, na hapa nataka tukae kidogo.

Kuna rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala kwa mkataba kabla serikali yao haijashika hatamu. Ilifuliwa Birmingham kwenye kiwanda cha Heaton, ndiyo maana ina herufi H. Kampuni ile haikudumu, na rupia zake hazikuwa nyingi ukilinganisha na za Kihindi zilizotapakaa pwani yote. Ikiwa unayo na michoro yake bado inasomeka vizuri, usiiuze kwa gramu.

Kisha rupia ya Mjerumani. Za mwanzo, kuanzia 1890 hadi 1902, zilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: mbele Kaisari Wilhelm amevaa kofia ya chuma yenye tai juu, nyuma simba na mti wa jamii ya mnazi. Tangu 1904 serikali ya koloni ilitoa zake yenyewe, na chini utakuta herufi A kwa zilizofuliwa Berlin au J kwa zilizofuliwa Hamburg. Rupia moja, ya kampuni au ya serikali, ina uzito wa gramu 11.66, na zaidi ya tisa ya kumi ni fedha safi. Zilizochakaa si adimu. Lakini iko moja ninayokuomba uitazame kwa makini: rupia mbili, yaani sarafu kubwa yenye thamani ya rupia mbili, iliyofuliwa 1893 na 1894 tu. Hiyo inatafutwa Ujerumani na Marekani, na kwa sababu inatafutwa, imeigizwa. Sarafu ya namna hii ndiyo iliyowekewa upimaji: ina mnunuzi wa mbali, ina bei kubwa, na ina bandia zake.

Mwisho katika orodha ya adimu ni riyali ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyetawala 1870 hadi 1888. Aliitoa mwaka 1299 wa Hijria, unaokaribiana na 1882, maandishi yote ya Kiarabu. Pesa zake za shaba za mwaka huo zenye mizani utazikuta kwa wauza vitu vya kale mpaka leo. Riyali yake ya fedha ni nadra kuiona. Mtu akikuletea hiyo, au ukiikuta kwenye sanduku la ukoo, kaa chini kwanza.

Kabla hatujafika kwenye gharama, niseme jambo ambalo limeharibu mali nyingi kuliko wizi: usisafishe. Najua mkono unawasha. Sarafu ni nyeusi, ndimu ipo, majivu yapo, dawa ya meno ipo, na wageni wanakuja. Weusi ule ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani kwa miaka mingi, na mkusanyaji anaupenda, kwa sababu unamwonyesha kwamba uso wa chini haujaguswa. Ukisugua unaondoa tabaka la juu la fedha na unaacha mistari midogo ambayo mpimaji huiona kwa lenzi papo hapo. Sarafu ya namna hiyo ikifika kwa mpimaji, lebo inaandikwa kwamba ni ya kweli lakini imesafishwa, na hainyimwi heshima tu, inanyimwa namba ya daraja. Utakuwa umelipa fedha nzima na kurudishiwa kasha linalotangaza kasoro. Matokeo ni hayo hayo kwa sarafu iliyotobolewa au kutiwa kipete ili ivaliwe. Na hizo kwetu ni nyingi, kwa sababu reale ilikuwa pambo kama ilivyokuwa pesa. Oman wanawake wamezivaa reale kwenye mikufu vizazi na vizazi, na masonara walizivunja kwa wingi kufanya bangili na mitali. Reale yenye tundu ichukuliwe kama kito cha mama, ithaminiwe kwa ukito wake.

Gharama sasa. Ada ya kupima sarafu moja kwa kawaida ni makumi ya dola, na inapanda kadiri thamani unayoitaja inavyopanda. Juu yake kuna ada ya uanachama, au ukimpitia wakala, kuna chake. Kuna usafirishaji wa kwenda wenye bima, na usafirishaji wa kurudi, ambao ni ghali zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kuna forodha mara mbili. Kuna miezi ya kusubiri. Jumlisha yote, kisha ujiulize: sarafu hii, ikipata daraja ninalotarajia, itauzwa kwa kiasi gani zaidi ya bei ninayoweza kuipata leo bila cheti? Kama tofauti hiyo haizidi gharama mara mbili au tatu, mimi ningeiacha. Nasema mara mbili au tatu kwa sababu mwenye sarafu siku zote huiona nzuri kuliko mpimaji anavyoiona. Ulichokiita kipya yeye anakiita kilichotumika kidogo, na kati ya maneno hayo mawili bei huanguka vibaya sana.

Unaweza kufanya mengi bure kwanza. Makampuni ya upimaji huonyesha hadharani idadi ya sarafu za kila aina walizozipima na madaraja yake. Minada mikubwa huacha picha na bei za mauzo yaliyopita. Kaa na kijana wa nyumbani, mtafute sarafu kama yako, mlinganishe picha kwa picha.

Na uhalisi unaweza kuanza kuupima mezani kwako. Nunua au azima mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu moja ya mia. Ipime sarafu ikiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, ining'inize sarafu kwa uzi izame bila kugusa kikombe, usome namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Reale ya kweli itakupa karibu 10.2. Rupia, kwa kuwa fedha yake ni nyingi zaidi, itakupa karibu 10.3. Ukipata 8.9 au chini yake, mbele yako pana shaba na nikeli, au kitu duni zaidi. Sumaku nayo ijaribu: ikiivuta sarafu, mjadala umekwisha. Kipimo hiki hakitofautishi reale ya Rome na ya Vienna, na bandia ya fedha halisi itapita. Lakini kitakuokoa usilipie ada ya kuthibitishiwa bati.

Hapa siwezi kuacha kuwataja matapeli. Tanzania rupia imezungukwa na hadithi. Watu wanachimba misingi ya maboma ya zamani wakitafuta hazina ya Mjerumani. Wapo wanaoapa kwamba rupia ya kweli huvuta punje za mchele, na kwamba kuna tajiri mahali fulani anayenunua moja kwa mamilioni yasiyohesabika, ila kwanza utoe kidogo cha "kuipima". Fedha haivuti mchele. Haivuti chochote. Mkusanyaji wa kweli anataka kuona mwaka, herufi ya kiwanda, ukingo na hali ya uso, na hatakudai hata senti ili aitazame. Kuna pia mkanganyiko wa Tabora: mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, walifua kwenye karakana ya reli sarafu za dhahabu za rupia kumi na tano zenye tembo, lakini pia walifua heller ishirini za shaba nyekundu na za shaba ya njano, nyingi mno. Ile ya njano huuzwa kwa maskini wa Mungu kama dhahabu. Iweke kwenye maji, namba itasema.

Yupo na mnunuzi wa aina nyingine, mpole, anayepita nyumba hadi nyumba na mizani mfukoni akinunua "fedha za zamani" zote kwa gramu, kwa mkupuo. Bei yake kwa reale chakavu inaweza hata kuwa ya haki. Hesabu yake iko kwenye ile moja iliyojificha katikati ya hamsini. Msimwachie mtu kopo zima kabla hamjalitazama sarafu moja moja, mbele na nyuma, mchana, karibu na dirisha.

Jambo la sheria lisisahaulike. Tanzania ina sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na mstari wake ni mwaka 1863: vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya hapo vinalindwa, na kuvitoa nje ya nchi kunataka kibali. Sasa fikiria afisa wa forodha anaifungua bahasha na kusoma 1780. Wewe unajua huenda ilifuliwa London miaka ya 1930. Yeye anajuaje? Pitia kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho kabla ya kufunga kifurushi, upate karatasi. Kenya nayo ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na ofisi za makumbusho ndizo za kuuliza.

Kwa familia zinazogawana mirathi, ushauri wangu ni mfupi. Hamhitaji kuzipima daraja zote ili mgawane kwa haki. Zitengeni zile za kawaida, zipimwe uzito, zigawanywe kwa fedha safi iliyomo. Zile mbili tatu zinazoshukiwa kuwa adimu zisigawanywe kwanza, zithaminiwe kwa pamoja, na gharama ibebwe na warithi wote. Na kwa Waislamu wanaohesabu nisabu ya fedha kuwa gramu 595, kumbukeni kwamba reale 26 zimeshaifikia. Kopo la bibi laweza kuwa na zaka isiyowahi kutolewa.

Uhifadhi nao: pwani yetu ina chumvi na unyevu. Usitumie vifuko laini vya plastiki vyenye harufu, vinatoa ute wa kijani unaokula sarafu. Bahasha ndogo ya karatasi kavu, moja kwa kila sarafu, inatosha. Shika ukingoni. Na juu ya bahasha andika: ilikuwa ya nani, ilitoka wapi, aliipata kwa kazi gani. Maelezo hayo hakuna kampuni ya Marekani inayoweza kukuandikia, na yakipotea yamepotea.

Basi, msikilizaji, uamuzi wangu ni huu. Reale ya 1780 ya kawaida, shilingi ya simba, rupia iliyochakaa, na sarafu yoyote iliyosuguliwa au kutobolewa: usiipeleke. Rupia mbili ya 1893 au 1894, riyali ya Barghash, rupia ya Mombasa au ya Mjerumani yenye mng'ao wake wa kiwandani: ipige picha, ipime kwenye maji, pata karatasi ya serikali, kisha ipeleke kwa wapimaji kabla hujataja bei kwa mtu yeyote. Na leo jioni, kabla ya yote hayo, nakuomba ufiche ndimu na majivu.